Sahani ya Asiyekuwepo

Kaskazi inapoingia, Kibiti nzima hulalamika. Mbuzi huhamia barazani kwa watu, mabati hulia juu ya vichwa, na kila salamu huishia kwenye joto. Mtu mmoja tu niliyemjua hakulalamika. Alilingoja joto hilo tangu mvua za vuli, na siku ya kwanza lilipochoma sawasawa alitoka uani na kanga kichwani, akatazama juu, akasema, "Haya, sasa tutakula."

Tulimwita Mwalimu, mtaa mzima, hata waliomzidi umri. Alikuwa amefundisha sayansikimu mpaka akastaafu, ingawa huko kustaafu kwenyewe hakukukubali sana. Bado alisahihisha. Akipita sokoni akaona nyanya nzuri zimepangwa juu na zilizopondeka zimefichwa chini, husimama akazipanga upya mbele ya wateja, na mama mwenye nyanya humwangalia tu mikono nyuma, maana aliwahi kuwa mwanafunzi wake na viboko vyake havijasahaulika.

Mimi nilikuwa karani wa masjala, mzaliwa wa Mbwara, nimeachika miezi minne kabla, nina chumba kimoja cha kupanga na sufuria mbili. Chumba changu na nyumba yake viligawana ua mmoja. Wiki ya kwanza nilipika ugali na dagaa siku tano mfululizo. Siku ya sita alisimama mlangoni kwangu akanusa.

"Wewe mwana wee, kuna maembe mji mzima, wewe wala dagaa wa Mwanza?"

"Shikamoo Mwalimu. Nakula kilichopo."

"Marahaba. Wala kilichopo kwako. Kilichopo nje hujakiona. Watu siku hizi hawali majira, wanakula siku tu."

Tangu siku hiyo sahani yangu ikawa inatoka jikoni kwake. Niliirudisha na kitu kila mara, kama nilivyolelewa: fungu la mchicha, nazi moja, vitumbua vya sokoni. Vitumbua alivionja akaniambia nisimletee tena.

Kupika kwake kulifuata majira, na wakati wa kaskazi kulifuata saa pia. Akishaswali alfajiri anakoka moto, na saa nne jiko limezimwa, kwa sababu aliamini moto wa mchana wa kaskazi unampika mpishi. Mwanzo wa msimu alichoma korosho za mwisho mwisho uani, moshi wake mkali ukatutoa machozi sote wawili. Kisha maembe. Mabichi aliyatia katika mchuzi wa mkizi, badala ya ndimu, na huo mchuzi mpaka leo sijaupata kwingine. Yaliyokomaa kidogo aliyakata kachumbari ya pilipili na chumvi. Mabivu hayakupikwa; hayo tuliyala tumeinama, mikono mbele, juisi ikidondoka mchangani. Kunde mbichi zilikuwa na wiki zao, na mananasi ya kutoka pande za Mtunda na wiki zao. Mtu akimletea nanasi kabla ya wakati alilirudisha na salamu nzuri.

Hakuwa mtu rahisi. Chakula cha harusi hakukigusa. "Ubwabwa ule umepikwa na watu wenye haraka," alisema, akarudi nyumbani kula ukoko wake. Alimsema kila mpishi wa mtaa, na alikuwa na methali ambazo hakuziacha zilivyo. Ukimwambia mvumilivu hula mbivu, anakujibu, "Naam, lakini popo hula kabla yake." Darasani aliwafundisha wasichana kupima kila kitu kwa kikombe na kijiko, jikoni kwake sijaona kijiko cha kupimia hata kimoja. Aliwakataza kuonja kwa mwiko, naye akionja kwa kiganja. Chai yake ilikuwa na sukari ya kutosha watu watatu.

Jambo moja lilinishinda kulielewa mwanzoni. Alipakua sahani tatu. Tulikuwa wawili.

Ya kwanza kupakuliwa ilikuwa nzuri kuliko zote: mnofu wa kati wa samaki, wali wa juu usioshika sufuria, embe lililochaguliwa. Aliifunika kwa kawa, akaiweka juu ya meza ndogo ndani ya jiko. Ya pili ilikuwa yangu, nayo iliwekwa barazani. Ya tatu ilikuwa yake: mkia, ukoko, na mchuzi uliobaki ukutani mwa chungu.

Ile ya kwanza ilikuwa ya mwanawe. Alikuwa na mwana mmoja, na huyo mmoja alikwenda Msumbiji kuuza vipuri vya pikipiki, miaka sita kabla mimi sijahamia pale. Alipiga simu kwa nadra, na kila alipopiga alisema neno lilelile: nakuja kaskazi hii mama, maembe yakiiva. Hakutaja siku. Kwa hiyo Mwalimu alimwekea chakula kila siku ya kaskazi, tangu embe la kwanza mpaka la mwisho, asije akafika akamkuta mama yake hana cha kumpa.

Kumwekea mtu chakula si jambo la ajabu kwetu. Aliyechelewa shamba huwekewa, aliye safarini huwekewa siku ya kurudi. Lakini huwekewa mtu anayejulikana atakuja. Na kaskazi ndiyo majira mabaya kuliko yote ya kuweka wali wa nazi. Yeye aliyewafundisha watoto wa watu kwamba chakula chenye nazi kikilala kwenye joto ni sumu, asubuhi alifunua kawa, akanusa, na kama hakijachacha akakipasha akakila. Kikiwa kimechacha alikimwaga kwa bata. Bata wake walinenepa sana. Friji alikuwa nayo, zawadi ya walimu wenzake siku ya kustaafu, akaweka humo maji na dawa za macho.

Nilimwuliza kwa nini asiitumie. Akaniangalia kama niliyeuliza swali la mtihani.

"Mtu atoke safari ndefu, umpe wali ulioganda? Ataona alikuwa hangojwi."

Sikuuliza tena. Jirani wa ng'ambo, mke wa dereva wa bodaboda, yeye aliuliza kila wiki. "Kijana vipi, Mwalimu?" Na jibu lilikuwa, "Yuko njiani." Miaka sita njiani. Nilicheka moyoni, nakiri. Nilikuwa na uchungu wangu wakati ule, nikaona afadhali mimi ambaye aliyeniacha aliniacha waziwazi.

Jumapili ilikuwa ya matembezi. Hapo ndipo nilipompenda. Alivaa baibui la kutokea, akachukua mwavuli mweusi, mkeka mdogo uliokunjwa, hotpoti ya chakula na chupa ya maji ya ukwaju, akanigongea mlango. Hakuuliza kama nina nafasi. Mtu aliyeachika Kibiti, siku ya Jumapili, nafasi anayo.

Tulikwenda mahali patatu tu, kwa zamu. Mara nyingine tulipita Ikwiriri mpaka darajani, tukatandika mkeka kwenye kivuli cha kibanda kilichofungwa, tukala tukitazama mto Rufiji. Hakuzungumza sana pale. Alisema mto umepanda, au umeshuka, au leo una rangi ya chai ya maziwa, akaendelea kutafuna.

Mara nyingine tulikwenda Nyamisati, ambako mkizi walishushwa wakiwa bado wanang'aa, na wauza samaki wakaficha wale wa jana walipomwona anakuja. Akishanunua, kama maji yametoka, alivua viatu. Mwalimu, aliyewapiga watoto viboko kwa kucha chafu, alikunja baibui akashuka kwenye matope ya mikoko mpaka vifundoni, akasimama humo akichekacheka mwenyewe. Aliniita nishuke. Nilikataa, naogopa kaa.

Nikampiga picha kwa simu. Akakasirika kwanza.

"Picha ya mtu mzima, miguu ya matope, utampelekea nani?"

Kisha akajifuta jasho na upindo wa kanga.

"Mpelekee yeye," akasema.

Alinitajia namba, nikamtumia mwanawe. Jibu lilikuja kesho yake, kidole gumba, basi. Nilimwonyesha Mwalimu. Alivaa miwani akaisogeza simu mbele na nyuma.

"Hicho kidole kinasemaje?"

"Kinasema vizuri, Mwalimu."

"Hakikuuliza wapi?"

"Hakikuuliza."

"Basi," akasema, akanirudishia simu yangu.

Mahali pa tatu palikuwa stendi ya mabasi hapahapa Kibiti. Alisema anakwenda kupunga upepo. Stendi ya Kibiti haina upepo, ina vumbi, na wauza korosho wanaokimbilia madirisha. Alichagua benchi lililoelekea kusini, upande yanakoingilia mabasi ya Lindi na Mtwara, tukala nanasi kwa chumvi na pilipili. Basi likisimama alinyamaza katikati ya neno mpaka abiria wa mwisho ashuke. Likiondoka alimalizia neno lake palepale alipoliacha. Mimi nilijifanya naangalia korosho. Hatukuwahi kulizungumza, na nadhani alinipeleka kwa sababu hiyo.

Sasa niseme kosa langu. Ilikuwa kaskazi yangu ya tatu pale. Ofisini walikuja wakaguzi, nikatoa mafaili toka asubuhi bila kula, nikarudi alasiri na njaa kali. Mwalimu alikuwa amekwenda mazikoni Mtunda. Barazani hapakuwa na sahani. Alikuwa ameisahau, au haraka ya msiba ilimzidi. Mpaka leo sijui. Nikaingia jikoni kwake. Mezani palikuwa na kawa, chini yake mkizi, embe bichi, wali mweupe. Nilijua sahani ile ni ya nani. Nisidanganye hapa kwamba nilikosea. Nilijua, nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikala. Wanasema mwenye njaa hana miko, lakini mimi nilikuwa pia na neno moyoni, kwamba kinachacha bure. Nikaosha sahani nikaipachika kichanjani.

Aliporudi jua lilikuwa linazama. Aliingia jikoni kabla hajavua baibui. Akatoka.

"Kile chakula nani kala?"

"Mie, Mwalimu. Njaa iliniua. Nisamehe."

Alirudi ndani akakoka moto, yeye ambaye kaskazi hakukoka moto baada ya saa nne. Nilisikia nazi inakunwa. Alipika fungu la mtu mmoja, bado na baibui lake la msibani, jasho likimtiririka, mimi nimesimama mlangoni nisijue niweke wapi mikono. Alifunika kwa kawa, ndipo akanigeukia.

"Je, angefika leo?"

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Nikasema, "Lakini si hakufika, Mwalimu. Hajafika siku zote hizi."

Niliona uso wake unabadilika. Hakupaza sauti. Aliniambia nitoke jikoni kwake, akanishika bega kunielekeza, kwa upole kabisa, jinsi anavyotolewa mtoto darasani.

Siku kumi na moja hakunisemesha. Tuligawana ua na kamba moja ya kuanikia nguo, na kila mmoja aliziondoa kanga zake zisije zikagusana na za mwenzake. Sahani yangu ikawa inavuka barabara kwenda kwa mke wa dereva wa bodaboda, ambaye aliipokea kwa mikono miwili. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Nilirudi kwenye dagaa. Jioni nilimsikia upande wa pili wa ukuta akiburuta kiti, akikohoa, akizima redio, na sijawahi kuwa mpweke Kibiti kama siku zile, hata mwezi wa kwanza wa talaka. Yeye naye, kama nilivyomsikia, alikuwa na sauti za mtu mmoja tu.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumapili. Aligonga mlango. Mkononi ana kisu kimepakwa mafuta, miguuni pake fenesi kubwa la kumshinda mtu kubeba.

"Njoo unishikie," akasema. "Hili dude halipasuliwi na mtu mmoja."

Nikashika. Utomvu ulitunata mpaka viwikoni, tukachambua kokwa bila kuongea, na tulipofika katikati alisema, bila kuniangalia, "Ulisema kweli. Lakini kweli si kila mtu anaomba."

"Naam, Mwalimu."

"Kula hilo, limeiva."

Kuanzia hapo sahani yangu ikarudi barazani. Ile ya kwanza iliendelea kufunikwa.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Utete. Nilipofunga mizigo alinipa chupa mbili za achari ya embe na maelekezo marefu ya kuila. Nikamwahidi kuja kila kaskazi. Niliahidi kwa kinywa kipana, tena nikaapa. Kaskazi ya kwanza nilikuwa na kazi nyingi. Ya pili nilikuwa nimeposwa. Ya tatu sikumbuki nilikuwa na nini. Nilipiga simu, aliuliza nakula nini, nikamdanganya. Mara moja nilimwambia, "Nitakuja maembe yakiiva," na neno lilipotoka nikaona aibu peke yangu, simu sikioni. Upande wa pili alisema tu, "Karibu, mwanangu."

Nilikwenda kaskazi hii iliyopita, nikiwa na safari ya mafunzo Dar es Salaam, nikashuka Kibiti bila kutoa taarifa. Ilikuwa yapata saa kumi. Nilimkuta barazani anachambua kunde. Alikuwa amekonda, macho yamefanya ukungu, na alinitambua kwa salamu.

"Marahaba. Umechelewa," akasema, akanisogezea kigoda na nusu ya kunde.

Tulichambua. Nikaona ndani, sebuleni, jiko la gesi jipya la mafiga mawili, bado limevaa karatasi zake za nailoni. Nilijua hawezi kulinunua. Nikauliza limetoka wapi.

"Alikuja," akasema.

Sikuuliza nani.

Alipiga simu kutoka Mtwara, Ijumaa, akasema kesho nipo hapo mama. Mwalimu alikwenda mwenyewe Nyamisati alfajiri, na macho yale, akachagua mkizi kwa kuwagusa. Alipika mpaka adhuhuri. Alitia kila kitu kwenye hotpoti, akatandika mkeka, akaoga, akakaa. Alasiri gari dogo likasimama, wakashuka watatu, mwanawe na rafiki zake wawili. Amenenepa, ana ndevu, mzuri, mashaallah. Alimbusu mkono. Alibeba jiko la gesi begani mwenyewe, akalitua sebuleni, akamwonyesha linavyowashwa, mara mbili, kwa subira.

"Nikamwambia, haya nawa mikono, chakula tayari. Akaniambia, mama, tumeshiba. Tumekula Ikwiriri hapo, wenzangu njaa iliwauma njiani."

Aliichukua kunde nyingine, akaipasua.

"Walikaa kidogo. Wanataka kuwahi Dar kabla giza. Alikuwa na haraka lakini hakuwa mkali, usifikiri. Mlangoni akanishika mabega, akasema, niwekee mama. Niwekee, nitapitia nikirudi."

Nilimchukia yule mtu nisiyewahi kumwona. Nilijichukia na mimi, kwa kaskazi zangu tatu.

"Akapitia?"

"Alirudi kwa ndege."

"Ukamwekea, Mwalimu?"

Alitikisa kichwa.

"Gari lilipokata kona nikarudi ndani. Nikakaa mkekani, nikafungua hotpoti, wali bado unatoa moshi. Nikapakua ule wa juu. Nikatoa ule mnofu wa kati. Nikala, mwanangu. Fungu lake, na la wenzake, mpaka nikasikia tumbo linaniuma."

Aliyakung'uta maganda ya kunde mapajani, akainua uso upande nilioko.

"Miaka yote hii," akasema. "Kumbe mie napika vizuri."